Maisha ya Lord Delamere, na Funzo la Kila Kitu Mahala Pake

Huenda baadhi ya ndugu zetu wasomaji wakastaajabu kuona ukurasa huu, uliozoea kusimulia habari za maulamaa na watu wema waliotangulia, leo wasimulia maisha ya kabaila wa Kiingereza aliyekuwa kiongozi wa walowezi wa bara. Jawabu letu ni jepesi. Unga wa ngano tunaoukandia maandazi, mahamri na chapati katika miji yetu ya pwani una uhusiano mkubwa na mtu huyu. Na ndani ya maisha yake mna funzo ambalo umma wetu unalihitaji sana: kwamba kila ardhi ina mmea wake, kila mnyama ana malisho yake, na kila kazi ina ilmu yake na mjuzi wake. Funzo hilo lilimgharimu yeye urithi wa baba zake, na liliwagharimu watu wengine zaidi ya hivyo. Nasi tutayataja yote mawili, kwani mwenye kusimulia faida akaficha dhulma huwa hakusimulia kitu.

Jina lake hasa ni Hugh Cholmondeley. Alizaliwa tarehe 28 Aprili mwaka wa 1870 huko Uingereza, katika ukoo wa makabaila wenye jumba kubwa liitwalo Vale Royal katika jimbo la Cheshire. Baba yake alipofariki mwaka wa 1887 yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, naye akarithi mashamba, mali na cheo cha Lord Delamere, akawa wa tatu katika ukoo huo kukishika. Alisomeshwa katika skuli mashuhuri ya Eton, lakini moyo wake haukuwa katika vitabu. Ulikuwa katika farasi na bunduki.

Mwaka wa 1891 alifika nchi ya Wasomali kuwinda simba, na tangu hapo akawa hana raha ila arudi huko. Katika safari ya mwaka wa 1894 simba alimrukia akamwangusha chini, na lau si mchukuzi wa bunduki yake, Msomali aitwaye Abdulla Ashur, habari zake zingalikoma siku hiyo. Abdulla alimvamia yule simba bila ya kuijali roho yake, na bwana wake akapata nafasi ya kuokoka. Delamere alichechemea mguu tangu siku hiyo mpaka kufa kwake. Vitabu vingi vimeandikwa kumsifu Lord, lakini jina la yule Mwislamu aliyemwokoa hupitiwa kwa mstari mmoja tu; ndiyo maana sisi tumelitaja mapema.

Mwaka wa 1896 aliondoka tena kwa safari kubwa, pamoja na daktari, mpiga picha, na ngamia wapatao mia mbili. Walikata majangwa kuelekea kusini, na mwaka wa 1897 wakatokea katika nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Kenya. Mtu aliyetoka katika jua na vumbi akaona ghafla majani mabichi, mito ya maji baridi na hewa iliyofanana na ya kwao. Hapana ajabu alidhani amegundua Uingereza ya pili. Na dhana hiyo ndiyo iliyomponza, kama tutakavyoona.

Alioa mwaka wa 1899, na muda si mrefu yeye na mkewe Florence wakaazimia kuhamia huku. Mwaka wa 1903 aliomba ardhi kwa Serikali ya Kiingereza. Ombi la kwanza lilikataliwa kwa kuwa ardhi aliyoitaka ilikuwa mbali mno na watu. La pili, la eka laki moja karibu na Naivasha, likakataliwa kwa kuogopa ugomvi na Wamasai. La tatu likakubaliwa: alipewa eka laki moja huko Njoro, kwa muda wa miaka 99, kwa kodi ya paundi 200 kwa mwaka, na kwa sharti ya kutumia paundi 5,000 katika ardhi hiyo kwa miaka mitano ya mwanzo. Akaliita shamba lake Equator Ranch, yaani shamba la Ikweta.

Hapa yafaa msomaji ailewe nchi yenyewe. Magharibi ya Nakuru ardhi inapanda kidogo kidogo kuelekea mlima na msitu wa Mau. Kwanza utaikuta Njoro, kisha Molo, na juu zaidi, penye ukungu na baridi kali, utaikuta Kuresoi. Leo Kuresoi ni nchi ya viazi, chai, mahindi na maziwa. Zamani sehemu kubwa yake ilikuwa msitu, na watu wa msitu ule walikuwa Waogiek, ambao ufundi wao mkubwa ulikuwa asali. Watu wengi walidhani kwamba Waogiek wanazurura ovyo msituni. Sivyo. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake iliyokwenda kama utepe kutoka bondeni mpaka juu mlimani, kwa kuwa miti ya chini huchanua wakati wake na miti ya juu wakati mwingine, na nyuki hufuata maua. Mwenye utepe kama huo huvuna mara kadhaa kwa mwaka. Mwenye kipande cha mahala pamoja huvuna mara moja akakaa na njaa. Na asali hiyo waliibadilisha kwa Wamasai waliofuga ng'ombe, kila mmoja akitoa alichokijua akipata asichokuwa nacho.

Wamasai nao walikuwa na ilmu yao. Waliijua nchi ya Njoro, wakayaona majani yake marefu mazuri, lakini hawakupenda kuweka mifugo yao hapo kwa muda mrefu. Kwa mtu mgeni jambo hilo lilionekana kuwa bahati: malisho mengi yasiyo na mwenyewe! Hakujiuliza ni kwa nini watu ambao maisha yao yote ni ng'ombe wameyaacha majani kama yale yazeeke bure.

Delamere alianza na kondoo. Alileta madume kutoka Uingereza kuwapandisha kondoo jike wa Kimasai wapatao elfu kumi na moja, na mwaka wa 1904 akaagiza kondoo jike mia tano wa merino kutoka New Zealand. Katika hao mia tano, wanne katika kila watano walikufa upesi. Mifugo ilikonda huku imesimama katika majani yaliyoifika magotini. Baadaye sana, baada ya wajuzi kuupima udongo wa pande hizo, sababu ilijulikana: udongo huo umepungukiwa na madini, na khasa madini yaitwayo kobalti. Kiasi kinachohitajiwa ni kidogo mno. Lakini katika tumbo la kwanza la ng'ombe na kondoo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yao ni kuichukua kobalti hiyo na kuifanya vitamini ya B12. Mnyama mwenyewe hawezi kazi hiyo. Vijidudu vikikosa kobalti, mnyama hukosa vitamini, na akikosa vitamini hukonda akafa hali ameshiba majani. Tazama, ndugu msomaji, jinsi Mola alivyopanga: ng'ombe mkubwa, mwenye nguvu za kuvuta jembe, uhai wake uko mikononi mwa kiumbe asichokiona, kwa kuwa kila kimoja kimepewa kazi ambayo mwenziwe hakupewa.

Kisha akajaribu ng'ombe wa Kizungu, nao wakapatwa na maradhi ya mapafu, ya miguu na midomo, na homa ziletwazo na kupe. Ng'ombe wa kienyeji walikuwa wadogo na maziwa yao machache, lakini miili yao ilikuwa imekwisha zoeana na adui wa nchi yao kwa karne nyingi. Ng'ombe wa Ulaya alikuwa hodari wa kutoa maziwa, na uhodari huo ulitengenezwa katika nchi isiyo na kupe wa hapa. Ufundi wa kiumbe ni mali mahala ulipozaliwa; ukihamishwa bila ya kujua masharti yake huweza kuwa ndio msiba.

Mwaka wa 1906 Delamere alipata ardhi nyingine, zaidi ya eka elfu hamsini, karibu na ziwa la Elmenteita, iitwayo Soysambu. Akaihamishia huko mifugo iliyobaki. Hapo alitegemea sana wachungaji wa Kimasai, akajifunza lugha yao na kuwasikiliza katika mambo ya ng'ombe. Njoro akaiachia ngano. Huu ulikuwa mwanzo wa busara yake: aliacha kuilazimisha ardhi moja ifanye kila kazi, akaanza kuiuliza kila ardhi inataka nini.

Lakini ngano nayo ilikuwa na adui. Kuna kuvu aitwaye kutu, kwa kuwa huonekana juu ya shina kama kutu ya chuma. Mbegu zake ni vumbi linalopeperushwa na upepo kwa masafa marefu, na kila aina ya kuvu huyo imejifunga na mmea wake makhsusi. Kutu ya ngano hujua ngano kama ufunguo unavyojua kufuli yake. Huko Ulaya majira ya baridi huikatiza ngano, na kuvu naye hupungua. Katika nyanda za juu za Kenya baridi ya namna hiyo haipo. Ngano ya mahala fulani ikivunwa, ya mahala pengine imo shambani ingali mbichi, basi kutu haikosi makazi mwaka mzima. Mwaka wa 1909 Delamere alikuwa amekwisha fedha, na tumaini lake lote likawa katika eka 1,200 za ngano. Kutu ikaingia, na mavuno yakapotea. Mtu aliyerithi jumba na mashamba Uingereza alikuwa amekopa juu ya urithi wake, naye akikaa Afrika katika nyumba za udongo na majani.

Wengi wangalirudi kwao. Yeye alifanya jambo ambalo twadhani ndilo kubwa katika maisha yake: aliikubali haja ya mjuzi. Akafanya katika shamba lake nyumba ya kuchunguzia ngano, akaajiri wataalamu ambao kazi yao ilikuwa moja tu: kuchukua mbegu za nchi mbali mbali, kuzichanganya, kuzipanda, kutazama ipi yaugua na ipi yasalimika, na kuanza tena. Ni kazi ya subira, ya mtu anayekubali kuangalia masuke kwa miaka mingi bila ya sifa. Kutokana na kazi hiyo zikapatikana ngano zilizoweza kuishi katika nchi hii. Naye mwaka wa 1908 alikuwa amekwisha anzisha kampuni ya kusagia, akaipa jina la Kiswahili, Unga. Akalima pia mahindi katika bonde la Rongai. Akafuga mbuni kwa ajili ya manyoya yao, akaagiza hata mashine za kuangulia mayai kutoka Ulaya. Lakini motokaa zikaenea, kofia za manyoya zikaacha kuvaliwa na wanawake wa Ulaya, na biashara hiyo ikafa. Kufikia mwaka wa 1914 mashamba yake yalianza kuleta faida. Mwaka huo huo mkewe Florence akafariki.

Hadi hapa tumesimulia akili na subira yake. Sasa haki yatulazimisha kusimulia upande wa pili.

Mwaka wa 1904 Wamasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, kwa mapatano waliyoandikiwa na Serikali, wakapelekwa Laikipia na kusini. Na waliokwenda Laikipia wakaahidiwa kukaa huko bila ya kuguswa. Haikupita miaka kumi wakahamishwa tena, kwa mapatano ya mwaka wa 1911. Delamere, aliyeijua lugha yao na kusema kwamba anawapenda, alikuwa ndiye kiongozi wa walowezi, na walowezi ndio walioingia katika ardhi hizo. Yeye na wenziwe walitaka nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao, na Serikali ikawakubalia. Mwafrika aliweza kukaa huko kama mtumishi au skwota. Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba huko, na Mwarabu na Mswahili hali kadhalika. Mazao yenye faida kama kahawa, Mwafrika alizuiwa kuyalima kwa miaka mingi. Na ngano ya walowezi ilipokuwa ghali kuliko ya kutoka ng'ambo, katika miaka ya 1920 ulitiwa ushuru mkubwa juu ya unga wa kigeni. Hapo ndipo mkono wa Njoro ulipofika jikoni kwetu: mnunuzi wa Mombasa na Lamu alilipia kwa kila ratili ya unga ili mlowezi wa bara apate faida.

Waliotetea mpango huo walisema kwamba ni kugawana kazi tu: Mzungu alime na kutawala, Mhindi auze duka, Mwafrika atoe nguvu za mikono. Maneno hayo yanafanana na haki, lakini yana kasoro kubwa, na ili kuiona yatosha kuutazama mzinga mmoja wa nyuki wa Kuresoi. Nyuki mfanyakazi hakuzaliwa na kazi moja ya milele. Siku zake za mwanzo husafisha masega na kulisha watoto; kisha hujenga nta na kupokea asali; kisha hulinda mlango; na mwisho hutoka nje kutafuta maua. Wanaolisha wakipungua, wengine huirudia kazi hiyo. Hatta malkia na mtumishi hutoka katika yai la namna moja, na kinachowatofautisha ni chakula walicholishwa wakiwa wachanga. Basi kugawana kazi kwa Mwenyezi Mungu ni kwa ajili ya haja ya mzinga, na mlango haukufungwa. Kugawana kazi kwa walowezi kulikuwa ni kufunga mlango kwa sheria, kisha kumlaumu aliyefungiwa nje kwamba hana ufundi. Na malipo ya kufunga mlango ni marefu: Kuresoi imemwaga damu ya majirani mara kadhaa wakati wa uchaguzi, na kwa ukali mno katika mwaka wa 1992 na katika miaka ya 2007 na 2008, na kila mara neno la ardhi lilikuwamo. Waogiek nao, baada ya kutolewa msituni mara nyingi, walishitaki mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha, nayo ikawahukumia haki yao mwaka wa 2017.

Delamere alioa mara ya pili mwaka wa 1928, akapewa nishani na mfalme wake mwaka uliofuata, na akafariki tarehe 13 Novemba mwaka wa 1931, umri wake miaka 61. Alizikwa Soysambu. Aliacha jina kubwa na deni kubwa. Sanamu yake ilisimamishwa Nairobi katika barabara iliyoitwa kwa jina lake. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 sanamu iliondolewa, na barabara hiyo leo ni Kenyatta Avenue.

Kilichodumu ni ile kazi ya ngano. Mwaka wa 1927 Serikali iliweka Njoro kituo cha kuzalisha mbegu. Mwaka wa 1939 kabaila mwingine, Lord Egerton, alianzisha hapo hapo skuli ya ukulima kwa vijana wa Kizungu. Leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, na watoto wa watu wote husoma humo. Mwaka wa 1998 huko Uganda ilionekana aina mpya ya kutu, ikaitwa Ug99, ambayo iliivunja kinga iliyotegemewa na ngano za nchi nyingi duniani. Dunia ikakimbilia wapi? Njoro. Tangu mwaka wa 2005 maelfu ya mbegu za ngano kutoka mataifa mengi yamepandwa huko kila mwaka ili kujaribiwa mbele ya kutu hiyo. Mahala palipokuwa pabaya kuliko pote kwa ngano pamekuwa skuli ya ngano ya ulimwengu, na kwa sababu ile ile: kutu haikosekani.

Lakini tusidhani kwamba kushika jambo moja ni salama daima. Ug99 ilitisha kwa sababu nchi nyingi ziliegemea kinga moja. Na huko huko Molo na Kuresoi, wakulima walitajirika kwa maua ya pareto, yatengenezwayo dawa ya wadudu. Zao hilo lililetwa Kenya mwaka wa 1928, na kwa miaka mingi Kenya ilikuwa ya kwanza duniani kwa kulitoa. Kisha malipo yakachelewa, usimamizi ukaharibika, na wakulima wakang'oa maua wakapanda viazi. Aliyekuwa na zao moja alianguka nalo. Mwogiek wa zamani, pamoja na ufundi wake mmoja wa asali, hakutegemea mti mmoja.

Basi sisi watu wa pwani twachukua nini? Maulamaa wetu walituambia zamani kwamba ufundi unaohitajiwa na watu ni fardhi kifaya: wakiwapo wenye kuufanya, dhambi huondoka kwa wote, wasipokuwapo, wote wana dhambi. Imam Ghazali aliwalaumu watu wa zama zake kwa kurundikana katika ilmu moja yenye cheo, na mji ukakosa tabibu Mwislamu. Je, miji yetu ina wajuzi wangapi wa udongo, wa minazi, wa samaki, wa maradhi ya mikorosho? Mwaka wa 1951 Mombasa ilifunguliwa chuo cha ufundi kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, na leo chuo hicho kimekuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mlango upo. Lakini wazazi wengi bado humwuliza kijana atapata cheo gani, wala hawamwulizi atakuwa mjuzi wa nini.

Na mzazi anapomchagulia mwanawe fundisho, atazame kwanza mtoto ana maumbile gani, kama ambavyo ardhi ya Njoro ilipaswa kuulizwa kabla ya kuletewa kondoo. Amsomeshe dini yake, hesabu na lugha, kwa kuwa hayo ni shina la wote. Kisha amwachie tawi lake, na asimfungie matawi mengine. Delamere alitumia zaidi ya miaka kumi na mali ya ukoo mzima kujifunza jambo ambalo wachungaji waliokuwa mlangoni pake walikuwa wakilijua. Na sisi tunao wazee wa mashua, wa mashamba na wa dawa za miti, ambao kila mwaka huzikwa na ilmu zao. Tuwaulize wangali hai.